Namna ya Kuikagua Nyumba ya Malezi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni kazi ya serikali peke yake, nalo ni ukaguzi wa nyumba za malezi. Nyumba tunazozitaja hapa ni zile zinazowapokea watu wasioweza kujitunza: makao ya watoto yatima na walioachwa, vituo vya kulelea watoto wadogo wakati wa mchana, na makazi ya wazee wasio na jamaa. Tutaeleza kwa nini nyumba hizo hazina budi kukaguliwa, mkaguzi mwema hutazama nini, na sisi tunaokaa jirani nazo tuna sehemu gani katika kazi hiyo.

Tangu zamani, hapa juu ya uwanda wa Ufipa, mtoto aliyefiwa na wazazi alichukuliwa na baba mdogo, au mama mkubwa, au bibi yake, akala chungu kimoja na watoto wa nyumba ile. Desturi hiyo njema ingaliko. Lakini mambo ya dunia hugeuka. Mama auzaye maharagwe katika soko la Sumbawanga huondoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi. Mvuvi wa Kirando au wa Kasanga hulala ziwani. Maradhi, na hasa UKIMWI, yamewaacha mabibi wengi na wajukuu wanaozidi nguvu zao. Ndiyo sababu nyumba za malezi zimeanzishwa katika nchi yetu, nyingine na serikali, nyingine na watu wa dini, nyingine na vyama vya hisani, na nyingine na watu binafsi. Aliyejenga nyumba ya namna hiyo kwa moyo safi amefanya jambo kubwa, nasi twamshukuru.

Lakini shukrani si ukaguzi. Mtu apewaye chakula kibaya katika mgahawa huondoka, asirudi tena. Na mwenye mgahawa, akiona wateja wamepungua, hujirekebisha. Mtoto wa miaka minne hawezi kuondoka. Mzee asiyeweza kusimama hawezi kuhamia nyumba nyingine. Tena wengi wao hawawezi kusema yaliyowapata, au wakisema hawasadikiwi. Na alipaye gharama ya nyumba mara nyingi si yeye alalaye ndani yake: huenda ni mfadhili aliye mbali, aonaye picha tu. Pahali ambapo mtu hawezi kuondoka, wala hawezi kusema, na alipaye haoni, hapana budi aingie mtu mwingine atazame kwa niaba ya asiye na sauti. Mtu huyo ndiye mkaguzi.

Serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009, yasema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba katika kila shauri limhusulo mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulizwe. Kwa sheria hiyo hapana mtu aruhusiwaye kuendesha makao ya watoto, wala kituo cha kuwalelea mchana, bila kibali cha serikali. Na kanuni za makao ya watoto zilitolewa mwaka 2012. Katika halmashauri wako maafisa ustawi wa jamii, ambao kazi yao mojawapo ni kuzizuru nyumba hizo na kuzikagua.

Hata hivyo tuitazame nchi yetu. Mkoa wa Rukwa una halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, na halmashauri za wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Mji wa Sumbawanga uko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Atakaye kwenda Mtowisa hana budi kuteremka ukingo mkali mpaka bonde la Ziwa Rukwa; aendaye Kirando huteremka upande wa pili mpaka Ziwa Tanganyika. Wakati wa masika safari hizo ni ngumu. Afisa ustawi wa jamii hawezi kuwako kila mahali kila mwezi. Kati ya ziara yake moja na nyingine, macho yaliyoko ni ya jirani, ya mwalimu, ya muuguzi wa zahanati, na ya mtendaji wa kijiji. Basi ni vema macho hayo yajue yatazame nini.

Neno la kwanza ambalo twataka mlishike ni hili: usikague mdomo wa gunia. Ufipa ni nchi ya mahindi, na kila mkulima amemwona mnunuzi akishika bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma ubavuni mwa gunia, kisha akazitazama punje zilizotoka katikati. Hafanyi hivyo kwa kuwa amemwona mkulima kuwa mwizi. Hufanya hivyo kwa kuwa ajua ya kwamba juu ya gunia huwekwa punje nzuri, na kwamba hata mkulima mwenyewe huenda hajui kama katikati mmeingia unyevu. Nyumba ya malezi nayo ina mdomo wake. Mdomo wake ni lango lililopakwa rangi, cheti kilichotundikwa ukutani, daftari la wageni, na watoto waliosafishwa na kufundishwa wimbo wa kuwakaribisha wageni. Sisi walimu twaujua mdomo huo vizuri sana, maana siku iliyotangazwa ya kuja mkaguzi wa shule, hakuna shule isiyofagiliwa.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa, katika miongozo yake ya mwaka 2009 juu ya malezi ya watoto wasio na uangalizi wa wazazi, ulishauri kwamba nyumba hizo zikaguliwe mara kwa mara, kwa ziara zilizotangazwa na kwa ziara zisizotangazwa pia, na kwamba mkaguzi azungumze na watumishi na watoto, na awaangalie wakiwa katika shughuli zao. Ziara iliyotangazwa ina faida yake, kwa maana mkuu wa nyumba atakuwapo na madaftari yatakuwa tayari. Lakini ziara isiyotangazwa ndiyo bambo.

Iko habari ya kweli iliyotukia Uingereza, nchi yenye mali nyingi na wakaguzi wengi. Karibu na mji wa Bristol palikuwa na hospitali binafsi iitwayo Winterbourne View, iliyowatunza watu wazima wenye ulemavu wa akili. Ilikuwa na kibali, na chombo cha ukaguzi cha taifa kilikuwa na wajibu wa kuiangalia. Muuguzi mmoja aliyefanya kazi humo aliona wagonjwa wakiteswa. Akawaeleza wakubwa wake, kisha akawaeleza wakaguzi, lakini neno lake halikufuatiliwa. Mwezi wa Mei 2011 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha picha zilizopigwa kwa siri, na taifa zima likaona wagonjwa wakipigwa, wakiburutwa na kumwagiwa maji. Hospitali ilifungwa, na mwaka 2012 watumishi 11 walitiwa hatiani, 6 kati yao wakafungwa gerezani. Katika habari hiyo hapakukosekana sheria, wala kibali, wala fedha. Lililokosekana ni mtu wa kumsikiliza yule aliyesema.

Habari ya pili ni ya kwetu. Kuanzia mwaka 2006 nchi yetu ilitiwa aibu na mauaji ya watu wenye ualbino, na mkoa wa Rukwa haukusalimika. Mwaka 2015 mtoto mdogo wa kiume alikatwa kiganja cha mkono huku huku kwetu. Ili kuwaokoa watoto hao, serikali iliwapeleka wengi katika shule zenye ulinzi, kama vile Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo katika wilaya ya Misungwi, na Kabanga katika wilaya ya Kasulu. Kusudi lilikuwa jema, na hapana shaka kwamba kuta zile ziliokoa maisha. Lakini vituo vile havikujengwa kwa wingi ule wa watoto. Waliovizuru walieleza habari za msongamano katika mabweni, za upungufu wa walezi, na za watoto wadogo waliokaa muda mrefu mno bila kuwaona wazazi wao. Tena mtoto mwenye ualbino ana adui mwingine ambaye ukuta haumzuii, nalo ni jua. Asipopewa kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mafuta ya kukinga ngozi, huenda akapata saratani ya ngozi angali kijana. Basi mkaguzi aliyeuliza tu, "Je, lango lafungwa usiku?" angejibiwa, "Naam," akaandika kwamba watoto ni salama. Swali la haki lilikuwa pana kuliko hilo: mtoto huyu, ndani ya lango hili, aishi namna gani?

Swali hilo latupa njia ya kukagua. Badala ya kutembezwa kutoka chumba hata chumba na mwenye nyumba, mkaguzi mwema humchagua mtoto mmoja, au mzee mmoja, akaifuata siku yake tangu jioni mpaka jioni. Na tufanye hivyo sasa.

Tuanze na usiku, kwa maana usiku ndio wenye hatari kubwa, na ndio wageni wasiouona. Mtoto wetu alala wapi, na nani? Ana kitanda chake, au walala watatu katika godoro moja? Wakubwa na wadogo wametengwa? Wavulana na wasichana je? Ni mtu mzima yupi akaaye macho karibu nao, na akiugua yeye, nani humshika zamu?

Kisha utazame milango. Mwezi wa Juni 1994 bweni la shule ya sekondari ya wasichana ya Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku, wasichana 42 wakafa. Mwezi wa Machi 2001 huko Kyanguli, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, bweni lilitiwa moto na wavulana 67 wakapotea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi wa Septemba 2020 watoto 10 waliungua katika shule ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera. Hizo zilikuwa shule, si makao ya yatima, lakini moto haubagui. Wenye nyumba hutia nondo na kufuli kwa kuwaogopa wezi, nao wana haki ya kuogopa. Hata hivyo nyumba ya kulala watoto yafaa iwe na milango miwili ifunguayo kwa nje, na walau dirisha moja ambalo nondo zake zafunguka kutoka ndani. Usiridhike kuambiwa, "Ufunguo upo." Sema, "Tafadhali fungueni mlango ule sasa hivi," kisha uhesabu pole pole. Ikiwa mlezi anakwenda jikoni kuutafuta ufunguo, umekwisha kujua la kuandika. Waulize na watoto, "Moto ukitokea usiku mtapitia wapi?" Kama hawajapata kufanya zoezi la kutoka gizani, hawatajua.

Hapa Ufipa iko hatari nyingine ambayo watu wa pwani hawaijui sana. Mwezi wa Juni na Julai baridi yetu ni kali, na watu wengi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Huingia katika damu na kuishika nafasi ya oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi ingawa mtu angali akivuta hewa. Aliye macho huumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Aliyelala huzidi kuwa mzito, asiamke tena. Kwa hiyo mkaguzi hutazama kama kuna majivu au alama za jiko katika chumba cha kulala. Lakini haifai kukataza jiko na kuondoka, maana watoto watatetemeka. Dawa ya baridi ni blanketi, sweta, na madirisha yasiyovuja upepo. Hesabu blanketi vitandani, si stoo. Blanketi mpya zilizokunjwa stoo kwa kuwangojea wageni hazimpi mtoto joto. Na katika nyumba zilizoko bondeni na kando ya ziwa, ambako malaria ni nyingi kuliko uwandani, hesabu na vyandarua, utazame kama vimetoboka.

Alfajiri mtoto ataka kwenda chooni. Ni hatua ngapi kutoka kitandani? Pana taa njiani? Tundu la choo lamfaa mtoto mdogo, au aogopa kutumbukia, akajisaidia nje? Wasichana wana mlango wenye komeo kwa ndani? Pana maji na sabuni ya kunawa mikono, au pana ndoo tupu tu? Mengi ya magonjwa ya kuhara katika nyumba za watoto wengi hupita mikononi, na tumbo la mtoto mmoja likichafuka leo, kesho ni matumbo kumi.

Mchana mkaguzi na aketi wakati wa chakula, naye ale kile walacho watoto. Ratiba iliyobandikwa ukutani huenda ikasema nyama na matunda. Sufuria ndiyo ijuayo. Mtoto hawezi kukua kwa ugali mtupu; ataka maharagwe, mboga za majani, na dagaa au maziwa au mayai kwa kadiri ipatikanavyo. Tena ingia ghalani. Mahindi yaliyovunwa mabichi au kuwekwa sakafuni penye unyevu hushika ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, sumu isiyotoka kwa kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumu hiyo. Nyumba iliyopewa magunia kwa hisani huona haya kuyakataa mabovu, lakini tumbo la yatima si pahali pa kutupia mahindi ambayo mwenyewe hawezi kuyala.

Kwa watoto wadogo liko shahidi mmoja asiyehongeka, nayo ni kadi ya kliniki. Mfululizo wa uzito ulioandikwa mwezi kwa mwezi waonyesha kama mtoto amepanda, amesimama au ameshuka tangu alipoingia katika nyumba ile. Kwa wazee shahidi ni ngozi. Mzee asiyeinuka kitandani asipogeuzwa mara kwa mara hupata vidonda mgongoni, nyongani na visiginoni. Mwombe ruhusa kwa heshima, mtazame, au mpe muuguzi amtazame. Kisha angalia kama kikombe cha maji kiko pahali ambapo mkono wake wafika. Mzee aliyewekewa maji mbali naye ni sawa na asiyewekewa.

Jioni ni wakati wa walezi. Mlezi ana watoto wangapi? Alala lini? Alipwa mshahara wake kwa wakati? Mlezi mmoja aliyeachiwa watoto wengi kupita kiasi, asiyelala wala kulipwa, atakuwa mkali hata kama alizaliwa mpole. Uliza pia aliajiriwaje: nani alimjua kabla, na nani aliulizwa habari zake. Mtu mwenye nia mbaya kwa watoto hupenda kwenda pahali penye watoto, tena huja na tabasamu na zawadi. Uliza juu ya adhabu, lakini usimwulize mlezi peke yake. Waulize watoto mbalimbali, kila mmoja kando, kwa maneno yale yale: "Mtu akikosea hapa, hufanywa nini?"

Namna ya kuzungumza na mtoto nayo ni elimu. Usimwulize mbele ya mlezi. Usimwulize kwa swali lenye jibu ndani yake, kama, "Hapa mnapendwa, sivyo?" Kaa chini awe sawa nawe kwa kimo. Anza na mambo madogo: rafiki yake ni nani, hupenda kucheza nini, jana alikula nini. Kisha mwulize, "Ukiwa na shida usiku humwamsha nani?" Mtoto aliye salama hutaja jina papo hapo. Akinyamaza, au akitazama mlango, usimlazimishe. Andika kwamba alinyamaza, urudi siku nyingine. Na akikueleza jambo zito, usimwahidi kwamba utalificha. Mwambie, "Nitamwambia mtu awezaye kukusaidia." Kisha uhakikishe kwamba hatapata adhabu kwa kusema.

Mwisho tutazame madaftari. Hatukuyaweka mwisho kwa kuyadharau, ila ili yapimwe kwa yale tuliyokwisha kuona. Kila mtoto yafaa awe na jalada lake: jina, kijiji alikotoka, jamaa zake ni nani, aliletwa na nani, na kwa sababu gani. Na neno kubwa kupita yote: ana shauri gani la kurudi kwao? Katika nchi nyingi za dunia imeonekana kwamba watoto wengi walioko katika makao wana mzazi mmoja aliye hai, au jamaa. Wameletwa kwa sababu ya umaskini. Nyumba ya malezi imekusudiwa kuwa daraja. Ikiwa jalada halina jina la jamaa hata mmoja, na miaka mitano imepita, yafaa kuuliza kama kuna mtu afaidikaye na kukaa kwa mtoto yule.

Hapo watu huleta hoja mbili. Ya kwanza wasema, "Huyu bwana au bibi hutoa mali yake kwa ajili ya Mungu, kumkagua ni kumvunjia heshima." Twajibu kwamba mwenye nia njema hupata faida kwa ukaguzi, maana huonyeshwa ufa kabla haujawa shimo, tena akisingiziwa, taarifa ya mkaguzi ndiyo itakayomtetea. Ya pili wasema, "Mkikagua sana mtaifunga nyumba, na watoto watalala barabarani." Hoja hii ni nzito zaidi, wala si ya kutupwa. Nyumba iliyofungwa kwa ghafula, bila kuandaa watoto watakwenda wapi, huwaumiza wale wale waliokusudiwa kuokolewa. Kwa hiyo makosa yatenganishwe.

Liko kosa la upungufu, kama magodoro haba au choo kibovu. Hilo ni la kusaidiwa: nyumba ipewe muda, na kijiji kichange nguvu zake. Liko kosa la hatari ya leo, kama kufuli la mlango au jiko chumbani. Hilo halingoji, liondolewe kabla mkaguzi hajaondoka, na mara nyingi halina gharama. Na liko kosa la ukatili, kama kupiga, kuchafua watoto, au kuwatumikisha. Hilo halina muda wa kujirekebisha. Mtoto aondolewe mikononi mwa mkosaji siku ile ile, na shauri liende polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Mkaguzi achanganyaye haya matatu atamfukuza maskini mwema na kumsamehe mkatili mwenye rangi nzuri ukutani.

Na ukaguzi haumaliziki kwa kuandika. Taarifa iseme kila kosa, nani ataliondoa, na mpaka tarehe gani. Kisha tarehe hiyo ikifika, mtu arudi kutazama. Taarifa isiyofuatwa yawafundisha watoto kwamba hata wakisema hakuna liwalo.

Sasa, wewe usiye afisa, ufanye nini? Huna ruhusa ya kuingia katika nyumba ya watu na kupekua, wala hatukushauri kufanya hivyo. Lakini kabla ya kumwacha mtoto wako katika kituo cha mchana, una haki ya kuomba kuona kibali, kuona pahali pa kulala, na kumfuata mwanao saa ambayo hukutazamiwa. Ukikataliwa kuingia wakati mtoto wako yumo ndani, hilo ni jibu la kutosha. Ukisikia kilio cha kila usiku, ukimwona mtoto mwenye alama za fimbo, au ukijua nyumba inayopokea watoto bila kibali, mwambie mtendaji wa kijiji au wa kata, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Iko pia namba ya simu 116, ya kuwasaidia watoto, isiyolipiwa. Mtoto mwenyewe aweza kuipiga, na mtu mzima pia. Eleza uliloliona, siku na saa. Usiongeze yale uliyoyadhani.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba hamna kazi katika jambo hili. Watoto wa makao husoma pamoja nanyi, huketi dawati moja nanyi, na huwaeleza ninyi mambo wasiyotueleza sisi. Mwenzako akisinzia kila asubuhi, akiogopa kurudi anakolala kengele ya mwisho ilipopigwa, au akikunong'oneza neno lililokutia hofu, usilifanye mchezo wala hadithi ya uwanjani. Mwambie mwalimu unayemwamini. Na ikiwa mwalimu yule hakusikiliza, mwambie wa pili.